Kusi ikichimba ufuo, kilichofukuliwa ni cha nani?

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti fuo zetu hubadilika sura kwa usiku mmoja. Unashuka pwani asubuhi baada ya upepo kuvuma siku tatu mfululizo na unakuta mchanga umekatwa kama ngazi inayokufika kiunoni. Mizizi ya mivinje iko nje, na jiwe ambalo hukuliona tangu mwaka jana limejitokeza. Mbele yako kuna kijana ameziba masikio kwa vifaa vya kusikilizia, ameshika fimbo yenye sahani chini, anaipitisha kushoto na kulia kama mtu anayefyeka nyasi. Nyuma yake wapo watoto watano. Kila anapoinama, wote wanainama.

Zamani ukimwona mtu na mashine ya kutambua metali ufuoni ulijua ni mgeni wa hoteli anayepoteza wakati. Siku hizi mashine hizo zinaagizwa mtandaoni kama simu, na wanaozishika ni vijana wa mtaani wanaotafuta riziki msimu ambao watalii ni wachache. Siwalaumu. Lakini pwani hii si ufuo mtupu. Imekaliwa na kufanyiwa biashara kwa zaidi ya miaka elfu moja, na si kila kinachong'aa mchangani kinaweza kutiwa mfukoni. Anayetafuta anahitaji kujua bahari inachimba vipi, mashine inasikia nini, na sheria inasema nini. Hilo la mwisho ndilo wengi hawalijui.

Bahari ndiyo inayochimba

Kusi huanza kushika Aprili na huwa kali zaidi katikati ya mwaka. Mawimbi yake hufuatana upesi, kiasi kwamba maji ya wimbi moja hayajanywewa na mchanga kabla jingine halijaanguka. Yanaporudi baharini huondoka na mchanga na kuulaza chini ya maji, mbele kidogo ya ufuo. Kaskazi ikiingia, bahari hutulia na mawimbi mapole huurudisha polepole. Pamoja na kwenda na kurudi huko, kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini. Ndiyo maana ghuba moja inaweza kuliwa upande wa kusini na kunenepa upande wa kaskazini, na kaskazi ikifika mambo hugeuka.

Si kila ufuo huchimbwa sawasawa. Mwamba unaopita mbele ya sehemu kubwa ya pwani yetu huvunja nguvu ya mawimbi, kwa hiyo upepo ule ule unaweza kuuacha ufuo mmoja kama ulivyokuwa na kuutoboa wa jirani. Tazama palipo na mlango kwenye mwamba; mkabala wake ndipo maji huingia na nguvu zote. Tazama pia maeneo ya Malindi hadi Mambrui, ambako maji matamu na tope la mto Sabaki hayakuruhusu matumbawe kukua, na bahari inaingia bila kubisha hodi. Na tazama miguu ya kuta za zege zilizojengwa mbele ya nyumba na hoteli: wimbi likipiga ukuta hurudi na hasira na kufukua chini yake.

Kingine ni maji yenyewe. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu huzidi mita 3. Upepo wa wastani ukikutana na bamvua hufika juu kabisa, pale watu wanapotandika leso zao, ilhali upepo mkali ukiangukia maji mafu huishia chini na kuacha ufuo wa juu vile vile. Vimbunga vya Bahari Hindi ni nadra kutufikia kwa sababu tuko karibu mno na ikweta, ingawa Mei 2024, Hidaya alipokuwa anaikaribia pwani ya Tanzania, sisi pia tulipewa tahadhari ya upepo na mawimbi. Kwa kawaida kazi hii huku kwetu hufanywa na kusi, si na kimbunga.

Sasa njoo kwenye uzito. Mchanga wetu una uzito wa karibu mara 2.7 ya maji. Chuma ni karibu 7.9, shaba karibu 9, fedha 10.5, risasi 11.3, na dhahabu safi zaidi ya 19. Bahari hupepeta vitu hivi kama mchele kwenye ungo: makapi yanaruka, punje nzito zinabaki. Pete ikianguka mchangani Desemba huzama kidogo kidogo kila maji yanapoutikisa mchanga, mpaka ifike kwenye tabaka gumu, labda mawe, labda udongo wa zamani, labda kombe zilizobanana. Hapo inakaa. Kusi inapoondoa mchanga wa juu, tabaka lile linakuwa karibu tena. Kwa hiyo vilivyopotea wakati wa kaskazi, fuo zikiwa zimejaa watu, huonekana miezi sita baadaye wakati hakuna mtu.

Wenye uzoefu hawaanzi kwa kuwasha mashine. Wanatembea kwanza na kutafuta dalili: mstari wa mchanga mweusi, changarawe zilizokusanyika, na zaidi ya yote chubwi za wavuvi. Risasi ya mshipi ni nzito, na ukikuta chubwi nyingi mahali pamoja jua kwamba bahari imepaweka hapo kila kilicho kizito. Ukikuta mwani, vipande vya mbao na vifuniko vya chupa, umesimama kwenye makapi, sogea.

Wakati mzuri ni siku moja au mbili baada ya upepo kutulia, maji yakipwa sana. Mombasa, maji ya bamvua hupwa mwendo wa saa nne asubuhi, na huo ni wakati mwema kwa yeyote. Usishuke bahari ikiwa bado inapiga, na usisimame chini ya ukingo wa mchanga uliokatwa wala chini ya mwamba uliotobolewa. Huanguka bila ilani, na wanaokaa chini yake kuchokora huwa ni watoto.

Mashine haijui jina la kitu

Ile sahani ni waya uliozungushwa. Mashine hupitisha umeme ndani yake, na umeme huo hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika. Metali iliyo karibu hujibu kwa umeme mdogo wa kwake, na sahani huusikia. Basi. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaletwa na chombo chake kuitafuta risasi mwilini. Hakuipata. Inaelezwa kwamba springi za chuma za kitanda zilikivuruga chombo. Mashine za leo zina vioo na namba, lakini udhaifu ni ule ule: zinajua kuna metali, hazijui ni nini. Kijipete cha kopo la soda na pete ya dhahabu hutoa sauti zinazokaribiana mno, na anayekwambia mashine yake haikosei anataka kukuuzia.

Pwani kuna taabu nyingine. Maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mchanga uliolowa unaimba wenyewe. Mashine ya bei nafuu inayotumia mawimbi ya aina moja hufaa mchanga mkavu. Ukiipeleka maji yanapofika italia kila hatua. Zipo zinazotumia mawimbi ya aina kadhaa kwa pamoja, na zipo zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi na kusikiliza katikati ya mapigo. Hizi za mapigo hustahimili chumvi na huenda chini zaidi, lakini hazitenganishi vizuri pete na msumari, na utachimba misumari mpaka uchoke.

Malindi na Mambrui ongeza mchanga mweusi. Sabaki huleta kutoka bara chembe nzito zenye chuma ndani yake, na mashine huzihesabu kama kitu. Kule pia mchanga unametameta kama dhahabu jua likiupiga. Huo ni ulanga. Wapo waliojaza chupa.

Jambo moja ambalo wauzaji hawasemi: sarafu iliyolala chini zaidi ya sentimita 30 hivi haisikiki vizuri hata na mashine nzuri. Kusi ikiondoa mita moja ya mchanga imefanya kazi ambayo hakuna fedha ya kununua mashine itakayoifanya.

Kinachotoka

Mara nyingi ni takataka: vijipete vya makopo, karatasi za sigara, ndoana, misumari ya mashua, betri za tochi. Mwenye roho safi huziondoa zote, na hapo ufuo unafaidika. Kisha sarafu. Shilingi moja ya sasa ni chuma kilichopakwa nikeli, na bahari huigeuza kuwa kutu kwa muda mfupi, wakati ndururu ya zamani yenye tundu katikati hutoka imebadilika rangi tu. Halafu pete, hereni, funguo, saa.

Mara chache hutoka kitu kingine. Pesa ya shaba yenye mizani na maandishi ya Kiarabu inaweza kuwa ya Sayyid Barghash wa Unguja, ya mwaka 1299 wa Hijria, au ile ya kampuni ya Waingereza iliyotawala hapa kabla ya serikali yao, iliyoandikwa Mombasa na mwaka 1888. Reale kubwa ya fedha yenye sura ya mama mnene na mwaka 1780 ni ya Maria Theresa. Usishangilie upesi, kwani iliendelea kupigwa kwa miaka mingi sana baadaye ikiwa na mwaka ule ule. Na kipande kidogo chembamba cha shaba, duara isiyotimia, chenye herufi za Kiarabu zilizofutika, kinaweza kuwa cha Kilwa.

Sheria

Hapa ndipo palipo na kosa kubwa. Wengi husema ufuo ni wa umma, basi aliyeokota ni mwenye mali. Si hivyo.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inaweka mpaka wa mwaka 1895. Kitu chochote cha kuhamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka huo ni kitu cha kale, na vitu vya kale vilivyolala ardhini ni mali ya serikali. Kwa hiyo ile pesa ya Mombasa ya 1888 iko ndani ya sheria, na ndururu ya wakati wa mfalme George iko nje. Pili, kutafuta vitu vya kale, kwa kuchimba au hata kwa kupekua juu juu, kunahitaji leseni. Hutolewa kwa watafiti, si kwa mtu mwenye mashine ya mtandaoni. Tatu, anayekikuta kwa bahati anatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, aeleze mahali hasa na namna alivyokipata, na akikabidhi.

Tofauti ni nia na mahali. Kumtafutia mtu pete aliyoipoteza jana kwenye ufuo wa kuogea si kutafuta vitu vya kale. Kupitisha mashine mbele ya Jumba la Mtwana, chini ya magofu ya Takwa au kandokando ya makaburi ya Mambrui ni jambo jingine, na hakuna hakimu atakayeamini kwamba ulikuwa unatafuta hereni. Ndani ya hifadhi za bahari, Kisite, Mombasa, Watamu, Malindi na Kiunga, usijaribu kabisa. Huko hata kombe huruhusiwi kuondoka nalo.

Na pete ya jana je? Sheria ya makosa ya jinai haimhesabu mwokotaji kuwa mwizi ikiwa hamjui mwenyewe na ana sababu ya kuamini kwamba hapatikani. Pete iliyochorwa majina mawili na tarehe ndani ina mwenyewe anayepatikana. Ulizia hoteli za karibu na kituo cha polisi. Masheikh wetu wametufundisha zaidi ya hapo, kwamba kiokotwa kitangazwe mwaka. Nimeona kijana akiirudisha pete ya aina hiyo, na alichopewa kwa shukrani kilizidi alichoahidiwa na sonara.

Kitu bila mahali pake

Mwaka 1944 askari wa Australia aliyewekwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu mchangani. Akazihifadhi kwenye mkebe. Zilikuja kuchunguzwa 1979, na tano zikawa za Kilwa. Nyingine zilikuwa za kampuni ya Waholanzi. Sarafu za Kilwa upande wa pili wa Bahari Hindi! Je, alizipeleka baharia wa Kiswahili, Mwarabu, Mreno, au zilikuwa vikorokoro mfukoni mwa Mholanzi? Watafiti walirudi visiwani 2013 wakiongozwa na alama aliyoiweka kwenye ramani. Swali bado liko pale pale, kwa sababu sarafu zilitoka mchangani peke yake, bila kuonekana zililala na nini.

Linganisha na Mambrui. Mwaka 2010 watafiti wa Makavazi na wa Chuo Kikuu cha Peking walichimba pale na kupata sarafu ya shaba ya Kichina yenye tundu la mraba, ya wakati wa mfalme Yongle, mwanzoni mwa karne ya 15. Nyingine ya mfalme huyo huyo ilipatikana kisiwani Manda 2013. Huko China sarafu hiyo si adimu wala ghali. Thamani yake hapa imetokana na kwamba inajulikana ilitoka wapi, kwa hiyo inaweza kuzungumza juu ya biashara ya Wachina na watu wetu. Sarafu hiyo hiyo ikitolewa na kijana, ikapigwa picha juu ya meza ya mkahawa na kuuzwa, haithibitishi kitu. Mtu anaweza hata kusema imenunuliwa mtandaoni.

Na bado vipo vingi chini. Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama chini ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa na Waomani, ilifanyiwa kazi na wapiga mbizi kuanzia 1977 hadi 1980, na baadhi ya vitu vyake viko ndani ya ngome. Ngomeni kuna mabaki ya meli inayoaminika kuwa ya Wareno wa karne ya 16, iliyobeba mapande ya shaba na pembe za ndovu. Mahali kama hapo, dhoruba inaweza kurusha kipande ufuoni wakati wowote.

Ukikutana nacho, usikivute wala kukichimbua zaidi. Kipige picha kikiwa pale pale, pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa wake na nyingine inayoonyesha mazingira. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Ikiwa maji yanajaa na kitachukuliwa, kitoe, ukitie kwenye chombo chenye maji ya pale pale baharini. Chuma kilichokaa baharini miaka mingi kikikauka ghafla hupasuka na kumomonyoka. Na tafadhali, usikisugue. Nyumbani tumezoea kung'arisha shaba kwa ndimu na jivu. Sarafu ya miaka 600 ukiisugua hivyo utabaki na kipande kinachong'aa kisichosomeka. Kisha nenda Fort Jesus, au makavazi ya Malindi au Lamu, ulikokuwa karibu.

Nakiri kwamba ushauri huu una kasoro. Kijana ambaye hana kazi anaambiwa akabidhi alichokipata na arudi nyumbani mikono mitupu, na wengi wanaamini kitu kikishaingia ofisini hakionekani tena. Uingereza na Wales, sheria ya hazina ya 1996 humpa mwokotaji zawadi inayolingana na bei ya sokoni, na tangu 1997 kuna utaratibu wa kuandikisha hata vitu vidogo ambavyo mwenyewe anaruhusiwa kubaki navyo. Umeandikisha zaidi ya vitu milioni moja. Hatulazimiki kuiga yote. Lakini risiti yenye muhuri, jina la aliyeokota kwenye kabati la makavazi, na kazi ya vibarua wakati watafiti wanapokuja kuchimba kijijini kwake, hivyo havihitaji bajeti kubwa. Kamati za fuo, zile BMU, zinajua nani anashuka na mashine na saa ngapi. Makavazi yangeanza kwa kuzungumza nazo kabla ya kusi ijayo.

La mwisho ni mashimo. Kasa hupanda kutaga kwenye fuo hizi hizi, wengi katika miezi hiyo hiyo ya kusi, na mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Mtoto wa kasa akitumbukia kwenye shimo la nusu mita hatoki. Kaa na kunguru humkuta hapo asubuhi. Palipowekwa alama na vikundi vya kulinda kasa usichimbe hata mashine ikipiga kelele kiasi gani, na kwingineko rudisha mchanga kwa mguu kabla hujasogea.